Kompyuta Inapogoma: Namna ya Kuitafuta Draiva Mbovu

Katika chumba chochote cha kompyuta, hata kikitunzwa vizuri namna gani, hutokea siku mashine ikagoma. Mwanafunzi anaandika insha yake, au mwalimu anajumlisha alama, na ghafula kioo chote kinageuka rangi ya buluu, au nyeusi kwa baadhi ya mashine za siku hizi. Hutokea maneno machache ya Kiingereza, kisha mashine hujizima na kujiwasha yenyewe. Hapo kila mtu huwa na neno la kusema. Huyu husema ni virusi, yule husema mashine imezeeka. Na dawa inayotajwa kwanza, karibu kila mahali, ni moja tu: "Ifutwe yote, ipigwe Windows upya."

Mimi nimepewa kazi ya kukiangalia chumba cha kompyuta cha shule yetu, na makala hii naiandika ili kuipinga dawa hiyo. Sisemi kwamba haifai kabisa, kwani mara nyingine yafaa. Naipinga kwa sababu huletwa mwanzo mahali ambapo yapasa kuletwa mwisho. Mtu anayefuta diski kabla ya kuujua ugonjwa hufuta pamoja nayo kazi za watu. Tena mara nyingi ugonjwa wenyewe hauponi, maana siku ya pili hurudishwa ile ile programu mbovu iliyoleta matata. Nataka kuwaonyesha wasomaji wetu, wanafunzi na walimu na wazazi, kwamba mashine inapogoma huacha ushahidi, na kwamba mtu mwenye subira na daftari aweza kuusoma ushahidi huo.

DRAIVA NI NINI?

Kompyuta si kitu kimoja. Ni mkusanyiko wa vifaa vingi: kioo, kibodi, kipanya, diski, kadi ya sauti, kadi ya intaneti, mashine ya kuchapia na vinginevyo. Vifaa hivi hutengenezwa na makampuni mbalimbali, na kila kimoja kina namna yake ya kupokea amri. Mfumo mkuu wa kompyuta, kama vile Windows, hauwezi kuzijua namna zote hizo. Kwa hiyo kampuni iliyotengeneza kifaa huandika programu ndogo ya kusimama katikati, ipokee amri ya mfumo na kuifikisha kwa kifaa kwa namna kinavyoielewa. Programu hiyo ndiyo iitwayo draiva. Jina lafanana na la dereva wa gari, lakini kwa kazi yake yafaa zaidi kuifananisha na mkalimani barazani. Mkalimani akikosea neno moja, mzee na mgeni hugombana bila sababu.

Sasa kuna jambo moja ambalo msomaji sharti alishike, maana ndilo msingi wa yote yatakayofuata. Ndani ya kompyuta programu hazikai daraja moja. Programu za kawaida, kama ile ya kuandikia barua au ya kuchezea picha, hukaa vyumba vya nje. Kila moja ina chumba chake, na hairuhusiwi kugusa kumbukumbu ya mwenzake. Ikikosea, mfumo huifunga peke yake, na nyingine huendelea na kazi. Lakini draiva nyingi hukaa ndani kabisa, mahali paitwapo kiini cha mfumo. Humo hakuna kuta. Draiva iliyomo kiinini yaweza kugusa mahali popote katika kumbukumbu, hata pale mfumo wenyewe ulipoweka mambo yake.

Basi draiva ikikosea humo, mfumo haujui tena ni kitu gani kilicho salama na ni kipi kimeharibiwa. Ukiendelea na kazi, waweza kuandika takataka juu ya diski na kuharibu faili za watu. Kwa hiyo mfumo huamua kusimama mara moja. Huandika sababu juu ya kioo, huweka kumbukumbu ya tukio katika diski, kisha huwasha mashine upya. Kioo cha buluu, kwa hakika, ni mlinzi. Ni kama fyuzi ya umeme nyumbani: inapokata, nyumba huingia giza, lakini nyumba haiungui. Mwenye busara hailaumu fyuzi. Hutafuta ni waya gani uliogusana.

MIFANO YA DUNIANI

Asidhani mtu kwamba haya ni mambo ya mashine kuukuu za shuleni tu. Tarehe 20 Aprili 1998, mjini Chicago, Bill Gates wa kampuni ya Microsoft alikuwa jukwaani mbele ya umati akionyesha Windows 98 kabla haijaanza kuuzwa. Msaidizi wake alichomeka skana ili watu waone jinsi mfumo mpya unavyokitambua kifaa na kukitafutia draiva wenyewe. Mara kioo kikawa buluu mbele ya watu wote. Ukumbi ukaangua kicheko.

Mwaka 2001 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani walichunguza makosa yaliyomo katika kiini cha Linux, mfumo mwingine usio wa Microsoft. Waliona kwamba katika draiva makosa yalikuwa mengi zaidi kuliko sehemu nyingine za kiini, mara 3 hata mara 7 kwa kipimo cha urefu wa programu. Mwaka 2003 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington waliandika kwamba kati ya migomo ya Windows XP iliyokuwa ikiripotiwa siku hizo, asilimia 85 ilitokana na draiva. Sababu yake si ngumu kuielewa. Kiini cha mfumo huandikwa na watu wachache wenye ujuzi na hutumiwa na kila mtu, kwa hiyo makosa yake huonekana upesi. Draiva huandikwa na watu wa makampuni mengi sana, na nyingine hutumiwa na watu wachache tu, kwa hiyo makosa yake hukaa muda mrefu bila kugunduliwa.

Lakini mfano mkubwa kupita yote ni wa Ijumaa, tarehe 19 Julai 2024. Kampuni ya CrowdStrike ya Marekani hutengeneza programu ya kulinda kompyuta za mashirika dhidi ya wahalifu, na sehemu ya programu hiyo ni draiva ikaayo ndani ya kiini cha Windows. Asubuhi hiyo, saa moja na dakika 9 kwa saa zetu za Afrika Mashariki, kampuni ilituma faili mpya ya maelekezo kwa wateja wake ulimwenguni. Faili hiyo iliitaka draiva iangalie jambo la 21 katika orodha, ilhali orodha iliyokabidhiwa ilikuwa na mambo 20 tu. Draiva ikanyoosha mkono nje ya orodha, ikagusa kumbukumbu isiyokuwa yake, na Windows ikasimama. Mashine zilipojiwasha, draiva ikaisoma tena faili ile ile, zikasimama tena.

Faili iliondolewa saa mbili na dakika 27, yaani baada ya dakika 78. Lakini Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta kama milioni 8.5 zilikuwa zimekwisha kupatwa. Idadi hiyo haikufika hata asilimia 1 ya kompyuta zote za Windows, ila nyingi zilikuwa za viwanja vya ndege, hospitali na benki, na kwa hiyo safari za ndege kwa maelfu zikavunjwa.

Sasa nawaomba wasomaji waangalie dawa iliyotumika. Je, kompyuta hizo milioni 8.5 zilifutwa zikapigwa Windows upya? La. Mafundi waliambiwa waiwashe mashine katika hali ya usalama, waingie katika folda ya draiva hiyo, wafute faili moja tu, kisha waiwashe tena. Kazi ilikuwa ndefu kwa sababu mashine nyingi zilihitaji kuguswa moja moja kwa mkono. Lakini faili za watu hazikuguswa, kwa sababu ugonjwa ulijulikana kabla ya dawa kutolewa.

HATUA ZA KUFUATA

Nitaeleza hatua kwa kufuata Windows, maana ndiyo iliyo katika mashine zetu. Majina ya vifungo nitayaandika kama yanavyoonekana juu ya kioo, ili msomaji ayatambue.

Hatua ya kwanza: Andika maneno yaliyo juu ya kioo. Usiyaonee haya kwa kuwa ni ya Kiingereza. Yanakili herufi kwa herufi katika daftari, au yapige picha kwa simu. Maneno hayo ndiyo jina la kosa, na kila jina lina upande linaoelekeza. Tazama haya manne:

DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL. Maana yake, kwa kawaida, ni kwamba draiva imejaribu kufikia kumbukumbu kwa anwani isiyofaa au wakati usioruhusiwa. Hapa draiva ndiyo mtuhumiwa wa kwanza.

VIDEO_TDR_FAILURE. Kadi ya picha au draiva yake imeacha kujibu, na mfumo umeshindwa kuiamsha.

MEMORY_MANAGEMENT. Hesabu za kumbukumbu zimevurugika. Yaweza kuwa draiva, lakini yaweza pia kuwa kipande cha kumbukumbu kilichoharibika.

WHEA_UNCORRECTABLE_ERROR. Hili aghalabu ni kosa la chuma chenyewe: joto, umeme, kichakato au ubao mkuu. Kubadilisha draiva hapa mara nyingi hakusaidii.

Wakati mwingine chini ya jina hilo huandikwa pia jina la faili linaloishia kwa ".sys". Hilo ni jina la draiva iliyotajwa katika kosa. Liandike bila kukosa. Kama kioo kilipita upesi mno hukuwahi kukisoma, usihuzunike. Fungua "Event Viewer" na utafute katika kumbukumbu za mfumo tukio la namba 1001 lenye neno "BugCheck". Humo namba ya kosa imehifadhiwa pamoja na saa yake.

Hatua ya pili: Uliza nini kimebadilika. Mashine iliyofanya kazi miezi sita bila matata haiharibiki bila sababu. Je, kumechomekwa kifaa kipya? Je, Windows imepokea matoleo mapya juzi? Je, kuna mtu aliyeweka programu ya kukinga virusi? Je, umeme umekuwa ukikatika ovyo? Andika majibu pamoja na tarehe. Kisha andika mgomo hutokea wakati gani: mtu anapofungua intaneti, anapochapisha, anapotazama picha za video, au mashine ikiwa imekaa tu. Daftari la namna hii ni bora kuliko ubashiri wa mafundi kumi.

Hatua ya tatu: Okoa kazi za watu kwanza. Kabla hujagusa kitu kingine chochote, iingize mashine katika hali ya usalama, iitwayo "Safe Mode". Katika hali hiyo Windows huwaka na draiva chache tu za lazima, na nyingine zote huachwa nje. Ili kuingia, shikilia kitufe cha Shift huku ukibonyeza "Restart". Kitatokea kioo cha machaguo: fuata "Troubleshoot", kisha "Advanced options", kisha "Startup Settings", kisha "Restart", na mwisho bonyeza namba 4. Kama Windows haiwaki kabisa, ikishindwa mara mbili tatu mfululizo kwa kawaida hukifungua kioo hicho yenyewe.

Ukiisha kuingia, chomeka flashi au diski ya nje, unakili faili zote za muhimu. Hapo kuna tahadhari moja. Mashine nyingine zimefungwa kwa ufunguo wa BitLocker, na zinaweza kudai namba yenye tarakimu 48 kabla ya kukuruhusu kuingia. Namba hiyo lazima iwe imeandikwa na kuhifadhiwa tangu mashine ilipokuwa nzima. Hakuna fundi awezaye kuibahatisha.

Hali ya usalama hutupa pia ushahidi. Kama mashine iliyokuwa ikigoma kila nusu saa sasa yakaa saa tatu bila kugoma, basi yamkini kosa limo katika mojawapo ya draiva zilizoachwa nje. Kama yaendelea kugoma hata humo, tazama upande wa chuma.

Hatua ya nne: Soma kumbukumbu ya tukio. Kila Windows inaposimama, kwa kawaida huweka faili ndogo katika folda ya C:\Windows\Minidump. Microsoft hutoa bure programu iitwayo WinDbg ya kuzisomea faili hizo. Fungua faili ndani yake, andika amri hii: !analyze -v, kisha ngojea. Yatatokea maandishi mengi ya kutisha. Usiyasome yote. Tafuta mstari wenye neno "IMAGE_NAME". Mbele yake pana jina la faili inayoshukiwa.

Lakini hapa yataka hekima ya hakimu. Anayekutwa karibu na maiti si lazima awe ndiye muuaji. Draiva moja yaweza kuharibu kumbukumbu asubuhi, na nyingine isiyo na kosa ikaja kuigusa mchana ikaanguka, na jina likaandikwa la huyu wa pili. Mara nyingi sana hutajwa "ntoskrnl.exe", ambacho ni kiini chenyewe cha Windows; maana yake ni kwamba tukio lilionekana humo, wala si kwamba kosa lilianzia humo. Kwa hiyo usihukumu kwa faili moja. Soma tatu au nne. Jina moja likirudi mara kwa mara, una ushahidi wa kutosha wa kulifuatilia. Majina yakiwa tofauti kila mara, bila mpango wowote, shuku kipande cha kumbukumbu, ukipime kwa programu ya "Windows Memory Diagnostic" iliyomo ndani ya Windows yenyewe.

Hatua ya tano: Rudisha draiva ya zamani, au weka iliyo sahihi. Bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya juu ya alama ya Start, uchague "Device Manager". Hapo pana orodha ya vifaa vyote. Chenye matata ambayo mfumo umeyatambua huwa na pembetatu ya manjano. Fungua kifaa unachokishuku, uende kwenye ukurasa wa "Driver". Ukiona kitufe cha "Roll Back Driver" kinabonyezeka, kibonyeze, na draiva iliyokuwapo kabla ya hii itarudishwa. Kama hakibonyezeki, iondoe draiva, kisha upate nyingine kwa kampuni iliyotengeneza kompyuta au kifaa hicho. Hakikisha ni ya Windows yako hasa, kwani draiva ya Windows ya biti 32 haiwezi kutumika katika Windows ya biti 64.

Jihadhari sana na zile programu zinazojitangaza kwamba zitakutafutia draiva zote kwa mara moja. Kuweka draiva ni kumkabidhi mgeni ufunguo wa chumba cha ndani kabisa. Sharti ujue ametoka wapi.

Kama hujui ni draiva ipi, lakini wajua kwamba wiki iliyopita mashine ilikuwa nzima, waweza kutumia "System Restore" ikiwa iliwashwa tangu awali. Hurudisha mfumo, programu na draiva kama zilivyokuwa siku ile, bila kugusa barua, picha na kazi nyingine za watu.

Hatua ya sita: Badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja. Hili ndilo wengi hulivunja. Mtu hubadilisha draiva tatu, huondoa programu mbili, hufuta vumbi na kubadilisha waya, yote kwa siku moja. Mashine ikipona, hajui ni lipi lililoiponya. Isipopona, hajui ni lipi la kurudisha. Badilisha moja, andika, tumia mashine siku mbili, kisha amua. Mwenda pole hajikwai.

Ndipo, baada ya hayo yote kushindikana, na kazi zikiwa zimekwisha kunakiliwa, na chuma kimekwisha kupimwa, mtu aweza kusema: "Sasa tufute, tupige Windows upya." Hapo dawa hiyo imefika mahali pake.

KISA CHA CHUMBA CHETU

Ili msinidhanie kuwa nasema ya vitabuni, nitaeleza habari ya mashine moja ya hapa shuleni. Ndiyo iliyokuwa na alama za muhula mzima za mikondo miwili ya Kidato cha Nne, na nakala iliyokuwapo kwenye flashi ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Ilianza kugoma mara nne au tano kwa siku. Fundi mmoja wa mjini aliitazama kwa muda wa dakika kumi, akatoa hukumu kwamba virusi vimeingia na diski ifutwe. Mitihani ya kumaliza muhula ilikuwa imekaribia, na baadhi yetu walitaka akubaliwe upesi ili mambo yaishe.

Tulimshukuru, tukamwomba angoje. Siku ile ile tuliiwasha mashine katika hali ya usalama tukanakili alama zote. Kuanzia hapo hatukuwa na haraka tena, maana kilichokuwa hatarini kilikuwa kimeokolewa. Wanafunzi wawili wa klabu ya kompyuta waliwekwa zamu na daftari. Kwa siku tatu waliandika saa ya kila mgomo, maneno ya kioo, na kazi iliyokuwa ikifanywa. Mara zote maneno yalikuwa ya DRIVER_IRQL_NOT_LESS_OR_EQUAL, na mara zote mtu alikuwa ameunganisha intaneti isiyo na waya. Mashine ilipotumika kwa waya, haikugoma hata mara moja.

Tukafungua faili nne za kumbukumbu. Tatu zilitaja jina moja, nalo lilikuwa la draiva ya kadi ya intaneti isiyo na waya. Ya nne ilitaja kiini. Katika orodha ya matoleo yaliyopokelewa, ilionekana kwamba draiva hiyo ilikuwa imebadilishwa siku mbili tu kabla ya mgomo wa kwanza. Tukabonyeza kitufe cha kurudisha ile ya zamani. Kazi hiyo haikufika dakika tano, wala haikugharimu senti. Mashine ilifanya kazi mpaka mwisho wa muhula bila kugoma tena.

Nawasifu wale wanafunzi wawili kwa daftari lao. Wao hawakuwa wataalamu. Mmoja hakuwahi kuifungua WinDbg kabla ya wiki ile. Lakini waliandika walichokiona, na hawakuandika walichokidhania.

MANENO KWA WAZAZI

Wazazi wengi siku hizi hununua kompyuta iliyokwisha kutumika, ili mtoto ajifunze nyumbani. Ni jambo jema. Lakini mashine hiyo ikigoma na mkaipeleka kwa fundi, nawasihi mumwulize maswali matatu kabla hamjamwachia. La kwanza: Umesoma maneno gani juu ya kioo? La pili: Je, kazi za mtoto zimenakiliwa mahali pengine? La tatu: Draiva utakazoweka utazitoa wapi? Fundi hodari atayajibu kwa furaha, na hata ataona kwamba ana mteja mwenye akili. Fundi asiyeweza kujibu hata la kwanza, hajaanza kuitazama mashine yenu.

Fahamuni pia kwamba mashine kuukuu ina shida yake. Kampuni iliyotengeneza kifaa huweza kuacha kuandika draiva zake, na hapo kifaa kizima kabisa chaweza kukosa mkalimani kwa Windows mpya. Microsoft iliacha kutoa marekebisho ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na watu wengi wamekuwa wakihamia Windows 11. Kabla ya kuhama, au kabla ya kununua mashine ya kuchapia ya mkono wa pili, tazameni kwanza kama draiva yake ya mfumo huo mpya ipo. Ni afadhali kuuliza dukani kuliko kulaumu nyumbani.

MWISHO

Kuanzia muhula huu kila mashine katika chumba chetu ina daftari lake, limefungwa kwa kamba kwenye mguu wa meza. Daftari lina safu nne: tarehe na saa, maneno ya kioo, kilichokuwa kikifanywa, na kilichobadilishwa. Mwanafunzi yeyote akiona kioo cha buluu au cheusi, asiizime mashine kwa hasira wala asikimbie kwa kuogopa kulaumiwa. Hakuna atakayeadhibiwa kwa kuwapo mashine ilipogoma. Aketi, achukue kalamu, ajaze safu tatu za kwanza, kisha aniite. Safu ya nne tutaijaza pamoja.